Mguu wa Mama Mkwe

Cheti changu cha huduma ya kwanza ya porini nilikivisha plastiki siku ileile niliyorudi kutoka msituni, kwenye kibanda cha fotokopi, kabla hata sijaoga. Jamaa wa fotokopi alikisoma juu hadi chini, akaniuliza, "Porini wapi, bro? Huku Eastlands pori liko wapi?" Nilicheka. Nikamwambia pori liko mlimani na huko ndiko ninakoelekea. Nilikitundika juu ya kitanda, mahali ambapo watu wenye akili huweka picha ya harusi, na kwa mwezi mzima sikulala bila kukitazama. Nikimkumbuka leo yule kijana aliyelala chali akikichekea kipande cha karatasi, mkono unaniwasha kumzaba kofi.

Siku za kazi nilikuwa Kiamaiko, nikipakia ngozi za mbuzi kwenye malori. Jumamosi niliwabebea mizigo watu wa ofisini wanaopanda vilima ili wapigwe picha wakiwa juu. Shule niliachia kidato cha pili. Lakini ndoto nilikuwa nayo, na bado ninayo: kuwa yule anayetangulia kwenye njia, anayejua wingu hili lina mvua na lile halina. Kiongozi wa kikundi kimoja alinipenda, akaniombea nafasi kwenye kozi. Siku nane msituni tulijifanya tumevunjika mapaja, tumepigwa na radi, tumegandishwa na baridi. Mwalimu wetu alikuwa mwanamke mkavu asiyecheka. Siku ya mwisho, sisi tukiwa tumeshavaa fulana za kozi, alituambia, "Mikono yenu itasahau kabla miezi minne haijaisha. Cheti hakitasahau. Ndiyo maana kina hatari."

Tulipiga makofi. Hatukuwa tumesikia neno.

Tulikuwa kumi na wanne. Tukaunda kundi kwenye simu, tukaapa kukutana kila Jumapili alasiri kwenye uwanja wa vumbi karibu na Makadara tufanye mazoezi. Jumapili ya kwanza tulikuja tisa. Ya pili, wanne. Ya tatu nilikuwa mimi na jamaa mmoja aliyekuwa amejishonea koti jekundu lililoandikwa MWOKOZI mgongoni. Alilala chini, akaniagiza nimfunge kichwa, akajipiga picha sita, akainuka akaenda zake na bandeji yangu. Wale wengine walibaki kwenye simu wakitumiana vijipicha vya vikombe vya ushindi. Mmoja akibandika picha ya cheti chake, kumi na watatu wanaandika hongera. Kesho yake mwingine anakibandika chake, hongera tena. Sijawahi kuona watu wakipongezana hivyo kwa kazi ya kusahau.

Mimi nilijiona wa tofauti. Nilikuwa nikirudi nyumbani jioni namkamata mke wangu.

"Nipe mkono. Umevunjika."

"Nimevunjika na sukuma iko motoni?"

"Tulia. Umeanguka kwenye jabali, uko mbali na barabara."

"Nitakuonyesha jabali. Fungua hii kitu nipike!"

Nilijua kufunga. Niliweza kumfunga mtu gizani, kwenye upepo, kwa fimbo mbili na sweta. Sikujua kwamba kufunga ndiko pekee kunakofundishika kwa siku nane.

Mama mkwe alikuja Julai, mwezi ambao Nairobi inavaa masweta mawili na bado inatetemeka. Alikuja kutoka nyumbani, magharibi, na hakufikia kwetu. Kwetu mama mkwe na mkwewe wa kiume hawakaribiani. Halali kwenye nyumba yake, hali naye meza moja, hawapeani mkono, na akimwona kwa mbali njiani mmoja wao anakata kona. Vijana wengi wa mtaani wameyaacha hayo. Mama mkwe hakuyaacha hata kidogo, na mimi sikuwa na sababu ya kumtangulia. Kwa hiyo alifikia Ziwani kwa kaka yake, mjomba wa mke wangu, mzee aliyestaafu kutoka reli na ambaye mdomo wake haukustaafu. Chumba kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia: viti upande wa mlango, kitanda upande wa ndani.

Mke wangu alirudi kutoka huko siku ya pili amekunja uso. "Mama anachechemea. Anasema vidole vya mguu vimekufa ganzi."

Moyo wangu ulirukaruka kwa furaha. Nakiri. Mgonjwa wa kweli!

Nilienda na mfuko wangu wa kozi begani. Nikakaa kwenye kiti, nimeelekea mlangoni, mgongo kwa pazia. Mke wangu aliingia ndani kwa mama yake. Mjomba alikaa mbele yangu na chai yake kama mtu aliyekuja kutazama mpira.

"Muulize vidole vinahisi nini," nikasema.

"Nimemsikia," sauti ya mama mkwe ilisema nyuma yangu. "Mwambie havihisi kitu."

"Bonyeza ukucha wa kidole gumba mpaka uwe mweupe, halafu achilia. Rangi inarudi haraka?"

"Inarudi polepole," mke wangu akasema.

"Vidole ni baridi?"

"Kama samaki wa friji."

"Kuna kidonda?"

"Kadogo tu, chini ya kidole cha mwisho. Amepasua vidonge, akakimwagia unga wake."

"Kinauma?"

"Mwambie hakiumi hata kidogo."

"Basi kidonda si shida," nikasema. Ndiyo, nilisema hivyo, kwa sauti ya mtu mwenye jengo lake la ghorofa. "Hii ni baridi. Mlimani tunaiona sana."

Mlimani tunaiona sana! Sijawahi kumwona mtu hata mmoja aliyegandishwa vidole. Nilimwona mwanafunzi mwenzangu akijifanya amegandishwa, huku anatafuna njugu.

Nikaagiza beseni, maji ya joto na chumvi. Nilisikia maji yakimiminwa. "Muulize kama ni moto sana."

"Mwambie ni sawa. Hata anaweza kuongeza."

"Ongeza," nikasema.

"Si yatamchoma?" mke wangu aliuliza.

"Mgonjwa amesema ni sawa. Tunamsikiliza mgonjwa."

Mjomba alitikisa kichwa kwa heshima. "Kumbe tulimpa binti yetu daktari, na sisi tulidhani ni mtu wa ngozi!"

Nililala kama mfalme.

Asubuhi nilikuwa juu ya lori, ngozi mbichi zimenifika magotini, simu ikalia. Mke wangu alikuwa hapigi kelele, na hilo ndilo lililonitisha.

"Ngozi ya mama imetoka," akasema. "Imevuka kama soksi."

Nilishuka kwenye lori. Daftari langu la kozi lilikuwa ndani ya koti. Nilikuwa natembea nalo ili watu waniulize ni la nini. Nilifungua ukurasa wa baridi. Niliandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu, na nikapiga mstari mara mbili: maji yapimwe kwa kiwiko cha mwokoaji, kamwe yasipimwe kwa mguu wa mgonjwa, kwa sababu mguu huo hausikii. Maji niliyakumbuka. Kiwiko nilikisahau. Na wala haikuwa baridi.

Tulimpeleka kituo cha afya, yeye akiegemea kwa bintiye na kaka yake, mimi nikifuata nyuma mbali kama mtu asiyehusika. Muuguzi wa chumba cha vidonda alikuwa mama mnene mwenye sauti nzito. Alifunua leso, akatazama, akainua macho kwenye benchi zima.

"Nani amepika huu mguu?"

Mjomba alininyooshea kidole bila kuchelewa.

"Wewe ni nani?"

"Nina cheti, sista. Cha huduma ya kwanza. Ya porini."

"Ya porini." Alilitafuna neno hilo. "Na huyu mama ulimwokota porini?"

Benchi lilicheka. Mtoto aliyekuwa akilia alinyamaza ili asikie vizuri. Muuguzi alimtoboa mama mkwe kidole cha mkono, akaweka tone kwenye kile kimashine, akasoma, akasoma tena. Hakutania tena.

"Mama, ulijua una sukari?"

Mama mkwe alitazama ukuta. Alijua. Alijua tangu miaka miwili nyuma. Alipewa vidonge, vikaisha, akajisikia vizuri, akaendelea na shamba lake.

Swali la dawa anazotumia mgonjwa liko kwenye kadi tuliyopewa kozini, kadi ndogo ya kuvaa shingoni. Ni swali la tatu. Nilikuwa nimeivaa siku ile. Sikuuliza hata la kwanza.

"Sukari imeua hisia za miguu," muuguzi alituambia, lakini macho yalikuwa kwangu. "Kidonda hakiumi kwa sababu hali ni mbaya. Wewe ulidhani hakiumi kwa sababu ni kidogo." Alikisafisha, akachukua kalamu ya wino, akachora mstari juu ya ngozi kuzunguka pale wekundu ulipoishia, chini ya kifundo. "Kila siku kisafishwe, kifungwe. Dawa asiache. Kila baada ya siku mbili mnamleta. Lakini siku mtakayoona wekundu umevuka huu mstari, au harufu, au homa, msije kwangu. Nendeni hospitali kubwa siku hiyohiyo. Mkichelewa, mguu unaenda. Mmesikia? Mguu."

Mama mkwe alikuwa analima mwenyewe ekari yake yote. Mguu ule ndio uliokuwa unamlisha.

Wengine walipotoka nilibaki mlangoni.

"Sista, naweza kuja siku zingine?"

"Kufanya nini?"

"Kutazama."

Alinipima kama mtu anayepima nyama iliyolala. "Kutazama njoo. Ukigusa mtu nakufukuza."

Nilienda Jumanne na Alhamisi, mapema, kabla ya malori. Katika chumba kile hakuna aliyepigwa na radi. Kulikuwa na askari wa lango ambaye buti lilimla kisigino mwezi mzima bila yeye kujua. Kulikuwa na mama wa mboga aliyekanyaga msumari Jumatatu, akaugundua Ijumaa alipokuwa akivua kiatu. Walikaa kwenye foleni wametulia, hawalii, hawavuji damu, na vidole vyao vinaoza polepole ndani ya soksi safi. Mimi na ndoto zangu za milima tungepita mbele yao tukisema hapa hakuna kazi.

Muuguzi alikuwa hanifundishi. Alikuwa ananitukana, na ndani ya tusi mna somo.

"Wewe wa porini, muulize huyu."

"Mzee, kinauma?"

"Pumbavu. Toka hapo. Mzee, soksi jioni inashika kwenye kidonda? Umeikuta na unyevu? Viatu ulivikung'uta asubuhi?" Halafu kwangu, bila kugeuka: "Usimuulize mguu uliokufa kama unauma. Uliza soksi."

Niliandika. Sikupiga mstari. Nilikuwa nimeona mstari wangu unavyofanya kazi.

Nyumbani kwa mjomba, kati ya siku za kumpeleka kituoni, tuliendelea kama awali: mimi kitini nimeelekea mlangoni, mke wangu ndani akisafisha. Lakini sasa nilikuwa nauliza soksi. Nilikuwa namwambia mke wangu aniletee bandeji ya jana niinuse, na mjomba akahamishia chai yake nje. Kwenye lile kundi la simu nilisimulia yaliyotokea, yote, hata beseni. Nilifikiri litamsaidia mtu. Wawili walinitumia kikombe cha ushindi. Yule wa koti jekundu aliuliza kama kulikuwa na picha.

Siku ya tisa mke wangu aliitwa zamu ya ghafla kiwandani. Mjomba alikuwa ameenda mahakamani Makadara kumsindikiza jirani aliyeshikwa. Nilipita saa sita mchana kuacha mkate mlangoni, niondoke. Nilipofungua mlango, kabla sijaweka mkate mezani, niliisikia harufu. Hukosei ukishakaa kile chumba cha Jumanne na Alhamisi.

Nilisimama. Nyuma ya pazia kitanda kililia.

"Mwambie—" mama mkwe alianza, akakatiza. Hapakuwa na wa kuniambia. Mwishowe alisema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimewahi kuisikia, "Mkwe."

"Naam, mama."

"Hakuna mtu?"

"Hakuna, mama. Niite jirani?"

"Jirani atatazama nini? Anajua nini huyo? Jana usiku nilitetemeka. Sikuwaambia. Binti yangu ana kazi."

"Soksi ilishika, mama?"

"Ilishika."

Nilitaka kukimbia. Si kwa ajili ya msaada, kukimbia tu. Kozini nilisifiwa kwa jinsi ninavyowafariji wagonjwa. Nilikuwa nampigapiga mtu begani nikisema utakuwa sawa, utakuwa sawa, hata mwalimu alinipa alama. Sasa neno hilo lilinijia mdomoni likiwa na ladha ya sabuni. Atakuwa sawa kwa sababu gani? Kwa sababu mimi ni mtu mzuri?

Nilisikia kitambaa kikitikiswa. "Nimejifunika leso kichwa chote," mama mkwe alisema, sauti imezibwa. "Sikuoni. Wewe hunioni. Huu ni mguu tu, mimi siko."

Na mguu ukatoka chini ya pazia.

Nilipiga magoti. Ulikuwa mguu mfupi, mpana, wenye kisigino kilichopasuka kwa udongo wa miaka yote. Nilivaa glavu za mke wangu zilizokuwa mezani, nikafungua bandeji. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vyeusi kama ndizi iliyosahauliwa. Mstari wa kalamu wa muuguzi ulikuwa bado upo, umefifia kidogo, na wekundu ulikuwa umeuvuka kwa upana wa vidole viwili ukipanda juu ya kifundo. Nilisogeza kiwiko changu karibu na ngozi. Joto lake lilinifikia kabla sijagusa.

"Umevuka?"

"Umevuka, mama."

"Sana?"

"Sana. Tunaenda hospitali kubwa, leo, sasa hivi."

"Watakata."

"Vidole viwili, nafikiri. Tukingoja mpaka binti yako atoke kazini, sijui watakata wapi."

Leso ilipumua ndani na nje. "Ungeweza kunidanganya. Hata ningekushukuru."

"Najua, mama."

"Mwambie..." alisema tena kwa mazoea, halafu akacheka kidogo, cheko la hasira. "Ah. Ita hao wanawake wa nje wanibebe. Wewe usinishike."

Niliwaita majirani wawili waliokuwa wakianika nguo. Niliwaonyesha jinsi ya kushikana mikono minne iwe kiti, na hicho ndicho kitu pekee cha siku zile nane kilichotokea kama kilivyofundishwa. Walimtoa nje amejifunika kama bibi harusi, watoto wa mtaa wakifuata. Nilimpigia mke wangu simu nikiwa nakimbia kutafuta tuktuk. Alifika hospitalini kabla ya daktari kumaliza kuandika.

Walikata vidole viwili. Mguu ulibaki. Daktari alisema maneno kuhusu siku moja zaidi ambayo sitaki kuyarudia.

Mjomba alitangaza Ziwani nzima kwamba mkwe wao ameokoa mguu. Nilimwambia anyamaze. Niliupika, nikauchelewesha siku tisa za kukaa nimempa mgongo, halafu nikapiga magoti ulipopenyezwa chini ya pazia. Hakunyamaza. Watu wanapenda sana daktari.

Jumanne na Alhamisi naendelea kwenda chumba cha vidonda. Juzi muuguzi aliniruhusu kushika mkasi. Ndoto ya mlima haijaondoka, lakini siku hizi nikiota natangulia njiani, nageuka kutazama viatu vya walio nyuma.

Siku ya kutoka hospitali mama mkwe alitembea kwenye ukumbi na gongo, kiatu chake cha shamba kwenye mguu mzima, kingine kipya na kipana juu ya bandeji. Mke wangu alikuwa dirishani akisubiri karatasi. Nilifuata nyuma ya mama, mbali kiasi cha adabu.

"Mkwe, unaangalia nini huko nyuma?" aliuliza bila kugeuka.

"Kisigino, mama."

"Basi ishia kwenye kisigino. Usipande."

"Ndiyo, mama. Lakini ule mguu mzima unaukanyaga upande. Tangu mlangoni."

"Hauumi."

Alipiga hatua mbili zaidi, akasimama. Alijiegemeza ukutani, akainama kwa shida, akavua kiatu, akakipindua. Kokoto ilidondoka sakafuni, kubwa kama punje ya mahindi, ikaviringika hadi chini ya benchi. Aliinyooshea gongo.

"Imekuwa humu tangu lini?"

"Sijui, mama. Kaa tuangalie unyayo."

Alikaa kwenye benchi, akavuta leso akajifunika uso, akaunyoosha mguu.